Kati ya hawa watatu, babu yetu ni yupi?

SWALI hilo niliulizwa na binti yangu Jumamosi moja adhuhuri, tukiwa tumesimama Kenyatta Avenue, katikati ya jiji la Nairobi. Mbele yetu walikuwa wanaume watatu wa shaba, wale ambao wengi wetu huwapita kila siku mbio mbio tukikimbilia matatu, wala tusiwatupie jicho. Mimi mwenyewe nimewapita kwa zaidi ya miaka kumi. Siku hiyo nilisimama kwa sababu nililazimishwa na mtoto wa Gredi ya Tano.

Kisa chenyewe kilianzia shuleni. Mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kuchora mti wa ukoo wenye vizazi vitano. Binti yangu akaandika jina lake, akaniandika mimi, akamwandika baba yangu, akamwandika na babu yangu. Alipofika tawi la tano akaniuliza, "Baba, baba yake babu yako aliitwa nani?" Nami, bila kuinua macho kutoka kwa gazeti, nikamjibu, "Kariokor." Akaandika. Siku ya tatu daftari likarudi na wino mwekundu: "Kariokor ni soko, si mtu. Uliza nyumbani."

Msomaji mpenzi, usicheke. Kwetu nyumbani mzee huyo hakuwa na jina jingine. Tangu utotoni nilisikia tu kwamba "alikwenda Kariokor akapotelea huko", na neno lenyewe likageuka likawa ndilo jina lake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mimi ambaye nimesomea kazi ya kuuliza watu maswali, nikapewa na diploma, na ambaye nimewahoji mawaziri, wachezaji kandanda na wezi waliotubu, sikuwahi kumhoji mtu hata mmoja wa ukoo wangu kuhusu babu aliyemzaa babu yangu. Mimi ni kitukuu wake. Binti yangu ni kilembwe. Kilembwe ndiye aliyekuja kumkumbusha kitukuu wajibu wake.

Kwa bahati mwalimu alimwongezea muda hadi muhula wa tatu. Nikaona tuanze pale penye sanamu.

Sanamu hiyo iliwekwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji wake alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, ambaye pia alichonga askari wa shaba aliye katikati ya Dar es Salaam. Kati ya wale watatu wa Nairobi, mmoja ni askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho wazee wetu walikiita Keya. Mwingine ni mpagazi. Chini yao pana maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na maneno yake yalitungwa na mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Binti yangu alisoma polepole, kidole kikifuata herufi. Akainua uso. "Na majina yenyewe yako wapi?"

Tukaizunguka sanamu nzima. Hapakuwa na jina la mpagazi hata mmoja. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake, amesimama Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2007. Yeye kila mtoto wa shule anamjua kwa jina. Hawa watatu hatuwajui. Ndipo akaniuliza lile swali, babu yetu ni yupi kati yao, nami nikakosa la kusema.

Huenda baadhi yenu mnaonunua vyondo na viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, au mnaokula nyama choma pale siku za Jumapili, hamkuwahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Ulimi wa Kiswahili ulilichukua neno hilo la Kizungu ukalilainisha. Nairobi likawa Kariokor, Dar es Salaam likawa Kariakoo. Penye kambi ya wapagazi pakawa mtaa, penye mtaa pakawa soko, na jina likabaki hata baada ya wenyewe kuoza.

Vita vilipoanza Agosti 1914, sisi tulikuwa chini ya Mwingereza na majirani zetu wa Tanganyika walikuwa chini ya Mjerumani. Wakubwa hao wawili walipogombana Ulaya, ugomvi ukaletwa hadi kwetu. Barabara za kupitisha magari zilikuwa chache mno, na farasi na nyumbu waliangamizwa na ndorobo. Kwa hivyo risasi, unga, mahema na hata chupa za mabwana zilisafiri juu ya kichwa cha mwanadamu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Katika vita hivyo upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walikaribia 95,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa. Unga wa mahindi usioiva vizuri, aliopewa mtu asiyeuzoea, uliwamaliza wengi kuliko mizinga.

Kila mpagazi alivishwa kibati chenye nambari shingoni. Naam, nambari jeshi lilikuwa nayo. Lakini nambari haiitwi kwa chakula cha jioni, wala mtoto hapewi nambari ya babu yake.

Agosti ilipowadia na shule kufungwa, tukapanda treni ya asubuhi ya Madaraka Express, mimi na binti yangu, hadi Voi. Mama yake alibaki kazini, akatufungia chapati za njiani. Tulipokuwa tukikata nyika ya Tsavo, mtoto akitafuta ndovu dirishani, nikamweleza kwamba nchi hiyo hiyo ilikuwa uwanja wa vita. Wajerumani walivuka mpaka, wakaiteka Taveta Agosti 1914, na kwa muda wa miezi mingi vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani usiku kuja kulipua reli ya Mombasa. Waingereza nao wakaanza kujenga reli nyingine ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapitishe majeshi. Reli hiyo inapita chini ya milima ya kwetu, Taita. Ndiyo iliyomchukua babu yetu.

Voi tukaabiri matatu ya Mwatate, kisha nyingine hadi Bura, na jua lilipoanza kutua tukawa tumefika kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ana miaka themanini na ushei. Macho yamechoka kidogo lakini ulimi haujachoka hata chembe. Binti yangu akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajatua mkoba akatoa daftari.

"Nyanya, baba yake babu yetu aliitwa nani?"

Shangazi akacheka, kisha akanyamaza. "Jina ninalo," akasema. "Lakini jina si peremende, mjukuu wangu, hata nikupe mlangoni ukiwa bado na vumbi la safari. Kwanza uone alikotoka na njia aliyopitia. Jumapili nitakupa."

Nikashangaa. "Shangazi, miaka yote hii unalo jina, mbona hukutuambia?"

"Mbona hamkuniuliza? Wewe ukija hapa huuliza mambo mawili tu: choo kiko wapi, na mtandao unashika upande gani."

Sikuwa na jibu.

Kesho yake asubuhi mzee mmoja wa ukoo akatupandisha mlimani. Shangazi alibaki chini kwa sababu ya magoti. Tulipita mashamba ya mahindi na migomba, tukaingia kwenye kichaka kilichoachwa bila kukatwa, hadi chini ya jabali kubwa lililoinama kama paa. Hapo, kwenye kivuli, palikuwa na mafuvu ya vichwa vya watu yamepangwa safu, mengine yameota ukungu wa kijani.

Nilidhani mtoto angepiga ukelele. Hakupiga. Mzee alimtayarisha vizuri tulipokuwa njiani. Alimweleza kwamba zamani, kabla ya kanisa kuenea, mzee wa Kitaita akifa alizikwa, na baada ya mwaka au zaidi kaburi lilifunguliwa, fuvu lake likatolewa kwa heshima na kuletwa kwenye pango la ukoo, likae pamoja na ya waliomtangulia. Ukame ukizidi au maradhi yakiingia, wazee walikuja hapa kuzungumza nao. Hao hawakuwa wafu waliotupwa. Walikuwa wazee waliohamia nyumba ya pili.

"Vueni kofia," mzee akasema. "Hapa ndipo palikuwa kanisani petu."

Binti yangu akaanza kuhesabu kwa kidole. Mzee akaushusha mkono wake taratibu. "Wazee hawahesabiwi." Kisha akatuonyesha upande mmoja wa safu. "Baba yake huyo mnayemtafuta yuko hapa. Babu yake yuko hapa. Yeye hayupo."

Nilielewa wakati huo jambo ambalo vitabu vya vita havikuwahi kunieleza. Kwa mkewe na ndugu zake, msiba haukuwa tu kwamba alikufa. Kufa kila mtu atakufa. Msiba ulikuwa kwamba hakuna kilichorudi cha kupandishwa mlimani. Safu ilikatika.

Jioni hiyo, tukiwa tumekaa jikoni kando ya moto, shangazi akatusimulia yale aliyoyasikia kwa nyanya yake, yaani mke wa huyo mzee, ambaye yeye shangazi alimkuta hai. Ilikuwa mwaka 1917, mwaka ambao serikali ya kikoloni iliwasaka wanaume wilaya baada ya wilaya. Watu wa chifu walikuja alfajiri. Waliwachukua vijana kadhaa wa rika moja. Babu yangu wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mama yake aliwafuata hadi chini kwenye reli, akaona mumewe akipandishwa behewa la wazi pamoja na magunia. Baada ya vita alirudi mmoja tu wa wale vijana, amebaki mifupa na ngozi. Akasema kwamba mwenzake alishikwa na tumbo la kuhara huko ng'ambo ya mto Rufiji, akashindwa kutembea, na msafara ukaambiwa uendelee.

"Nyanya hakuolewa tena," shangazi akasema. "Na kwa miaka mingi, kila treni ya Taveta ilipopiga honi pale stesheni ya Bura, aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza. Hakwenda kutazama. Alisikiliza tu."

Jumamosi shangazi mwenyewe akatangaza kwamba atatusindikiza Taveta. Maisha yake yote hajawahi kuyaona makaburi ya vita hiyo, ilhali yako safari ya asubuhi moja kutoka mlangoni pake. Tukakodi gari dogo la jirani.

Barabara ya lami sasa inafuatana na ile reli ya zamani, ambayo sehemu nyingi imemezwa na nyasi. Maktau, ambako reli ilifika mwaka 1915, palikuwa na kambi kubwa ya jeshi, na mahandaki yaliyochimbwa wakati huo bado yanaonekana kwenye udongo mwekundu. Leo utapishana huko na ng'ombe, na pengine ndovu aliyetoka mbugani. Mbele zaidi, upande wa Taveta, kimekaa kilima cha Salaita. Ukikiona hutadhani kiliwatoa watu roho, kwa jinsi kilivyo kifupi na cha kawaida. Lakini mnamo Februari 12, 1916, askari wa Afrika Kusini waliokuwa wamewasili karibuni walipelekwa kukiteka, wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Juu ya kilima na pembeni mwake walikuwa Wajerumani na askari wao Waafrika. Wageni hao walitimuliwa, na kama si Wabaluchi wa jeshi la India kusimama imara, wangeangamia zaidi. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliuzunguka mstari huo wa Wajerumani, ikapiganwa vita ya vilima vya Latema na Reata, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Vita vikahamia kusini, na wapagazi wakavifuata kwa miguu kwa zaidi ya miaka miwili. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza.

Karibu na Salaita pana mbuyu mkubwa wenye matundu ya risasi. Wenyeji watakusimulia kwamba mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa hodari wa kulenga shabaha alijificha ndani yake akiwadungua Waingereza. Hadithi ni ya wenyeji, matundu ni ya kweli. Binti yangu aliingiza kidole kwenye tundu moja akakiacha humo kwa muda, kama daktari anayepima jeraha.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta ni mahali patulivu na pasafi. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mstari ulionyooka. Kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Tarehe nyingi ni za miezi ile ya mwanzo wa 1916. Wengi wao walikuwa vijana kutoka Afrika Kusini waliokuja kufia katika nchi ambayo pengine hawakuwahi kuisikia utotoni. Binti yangu alianza kuyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, akiyatamka Kiswahili. Sikumkataza. Nilifikiri kwamba kama mama zao wangesikia mtoto wa kigeni akiwaita wana wao kwa majina baada ya miaka zaidi ya mia moja, wangefarijika.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi, fimbo kati ya magoti. Akamsikiliza mpaka mwisho wa safu. Kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeulizia kiti chake mezani:

"Na wa kwetu wako wapi?"

Jibu lake lipo, na ni chungu. Baada ya vita wakubwa waliohusika na makaburi waliamua kwamba wapagazi Waafrika hawatawekewa mawe. Makaburi yao yaliachwa yarudi kuwa msitu, na badala yake zikawekwa sanamu za jumla, kama ile ya Kenyatta Avenue. Mishahara ya maelfu ya waliokufa nayo haikufika kwa wajane na mayatima wao. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kukiri jambo hilo. Katika ripoti yake ya Aprili 2021, Tume ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipozuru Kenya alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor. Na Januari 2025 mnara mpya ulizinduliwa Cape Town wenye majina ya watumishi weusi wa jeshi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hiyo ya kwanza, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina.

Nilimweleza shangazi hayo yote. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama anayesikiliza matangazo ya redio. "Ni vizuri," akasema. "Cape Town ni mbali?"

Nikamwambia ni mbali sana.

"Basi twende nyumbani. Kesho ni Jumapili."

Misheni ya Bura ilianzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1892, kabla hata reli ya Mombasa kuanza kujengwa, na ni miongoni mwa misheni kongwe kabisa za Kikatoliki nje ya mwambao wa Kenya. Anglikana walikuwa wamekwisha kupanda kilima cha Sagalla, karibu na Voi, tangu 1883. Dini hizo ndizo zilizofunga mlango wa mapango. Nilipokuwa kijana wa chuoni nilikuwa mwepesi wa kuilaumu misheni kwa hilo, nikidhani ndiyo iliyotufanya tuwasahau wazee wetu. Jumapili hiyo nilifunzwa kunyamaza.

Misa ilipokwisha, shangazi hakutoka nje na wengine. Alibaki kwenye benchi, akafungua kitabu chake cha sala kilichofungwa kwa mpira, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya majina. Wakatoliki wanaosoma ukurasa huu wanaijua desturi hii: kila Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, familia huandika majina ya wafu wake, huyatia ndani ya bahasha na kuyapeleka altareni yaombewe.

"Nyanya yangu alibatizwa akiwa mzee," shangazi akasema. "Alimwambia padre atabatizwa, lakini kwa sharti moja: jina la mumewe lisomwe na marehemu wengine, ingawa hakubatizwa, na hakuna ajuaye alipolala. Padre akakubali. Nyanya hakujua kuandika, kwa hivyo aliniandikisha mimi. Nilikuwa msichana mdogo kama huyu. Aliniambia, mlima hana, kaburi hana, basi mwandike hapa, na wewe ukichoka umpe mwingine. Sijakosa hata Novemba moja."

Akaifungua karatasi. Jina la kwanza kabisa, juu ya yote, lilikuwa lake.

Binti yangu alilinakili herufi kwa herufi. Halafu akafanya jambo ambalo sikumwelekeza. Lile neno "Kariokor" lenye mstari mwekundu wa mwalimu hakulifuta. Aliliacha, akaandika jina juu yake, na kando yake akaandika: "Alikwenda Kariokor 1917. Hakurudi." Shangazi akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja ile karatasi. Hakuirudisha kitabuni. Alimpa yeye.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Sikulitafuta kwa ajili ya gazeti. Nililitafuta kwa sababu lilikuwa deni, na deni hilo lilikuwa letu, hata kama lilianzishwa na wengine. Mkoloni alikataa kuliandika, hilo ni kosa lake. Lakini kwa miaka thelathini na kitu nilikuwa naye mtu mwenye jina hilo kitabuni mwake, akinipikia chai kila nilipokwenda likizo, na sikuuliza. Hilo ni kosa langu.

Nayo sanamu ya Kenyatta Avenue, nimeisamehe kidogo. Ahadi iliyoandikwa chini yake kwamba watoto watalikumbuka jina haikutekelezwa na waliotia sahihi. Ilitekelezwa na mjane asiyejua kusoma, na msichana aliyemshikia kalamu.

Kwa familia zinazopenda kufanya safari kama hii, haina gharama ya kutisha. Treni inakufikisha Voi, matatu za Mwatate na Taveta ziko kila siku, na kuyaona makaburi ya Taveta hakuhitaji chochote ila adabu. Mapango ya mafuvu ni ya wenyewe. Usiende bila mzee wa kijiji, usiguse, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Wanaoishi Nairobi wasiokuwa na nauli waanzie pale pale mjini, kwenye wale wanaume watatu, kisha watembee hadi soko la Kariokor wakiwaeleza watoto wao maana ya jina hilo.

Lakini kabla ya kukata tikiti, piga simu. Kila ukoo una shangazi, au bibi, au mzee mmoja anayekaa pembeni kwenye sherehe huku vijana wakipiga kelele. Huyo ndiye makumbusho yenu, na makumbusho ya namna hiyo hufungwa siku moja bila tangazo. Muulize jina la baba yake babu yako. Akikuambia subiri mpaka Jumapili, subiri.